Koti Lililoanikwa Juu ya Kaktusi

Mtu asiyeijua ile kaktusi atataka kuishika. Haina miiba mirefu, ile inayokuambia mapema ukae mbali. Ina vibamba vya kijani vinavyoota kimoja juu ya kingine, na kila kibamba kimejaa vitone vya manjano, laini kwa macho kama unga wa ulezi. Laini kwa macho tu, jamani. Pitisha kidole mara moja uone. Kila kitone ni fungu la vijiba vyembamba kuliko unywele, vinang'oka kwa kuguswa kidogo tu na kuzama kwenye ngozi. Huvioni. Unajikuna, na kila ukijikuna unavisukuma ndani.

Phinées ndiye aliyeileta Butembo. Alikuwa fundi wa saa na simu, kibanda chake karibu na soko, mtu wa mzaha na wa kupenda vitu ambavyo jirani hana. Siku moja alirudi kutoka Kampala, alikokwenda kutafuta vipuri, akiwa amekumbatia mkebe wenye udongo. Muuzaji alimwambia kwamba mmea ule kwao ni jangwani, Meksiko, mahali ambapo mvua ni habari ya kusimuliana.

"Na wewe unauleta Butembo," mke wake Tamar akamwambia, "kwenyi nguo zinaota ukungu mu kabati."

"Tutaupanda chini ya baraza. Hautakunywa hata tone."

Halafu, kwa kujionyesha, akasugua shavu lake juu ya kibamba kama anayembusu mtoto. Hata chai haijapoa, shavu lilikuwa limevimba. Tamar alikaa naye karibu na dirisha, akawa anabandika utepe wa gundi kwenye uso wa mumewe na kuubandua, anabandika na kubandua, huku wanacheka mpaka machozi. Kisha Phinées akachukua kioo chake cha ufundi, kile cha kubana kwenye jicho, akaweka kijiba kimoja kwenye ukucha, akamwita aone. Tamar akaona. Kijiba kilikuwa na meno upande wote, na meno yote yanatazama nyuma, kama ndoana ya samaki.

"Njo maana hakitoke," Phinées akasema. "Kinajua kuingia tu."

Jambo hilo walilijua wao wawili. Watoto wao, Keren na mdogo wake Ariel, walikatazwa kusogea pale, na mambo yakaishia hapo. Kaktusi ikapandwa nyuma ya nyumba, chini ya baraza, mvua isiifikie. Ikanenepa, ikafika kiunoni, ikawa kichaka.

Kisha Phinées akaanza kuumwa. Tumbo lilijaa, macho yakageuka rangi, na daktari akasema ni ini. Butembo nani anakufa kwa ini? Watu wakanong'ona karuho, ile sumu ya polepole ambayo kila mtu mjini anaijua na hakuna aliyewahi kuiona. Walichokosa ni jina la mtu wa kumbebesha. Phinées akazikwa, na ule mnong'ono ukabaki hewani unatafuta mahali pa kutua.

Sasa, ukoo wa Phinées ni watu wa Kasugho, wenye desturi zao. Siku ya kutoka kilio, mjane anafua nguo za marehemu, na koti lake la heshima anavalishwa mrithi mbele ya watu wote. Akiingia kwenye koti, ameingia kwenye nyumba. Kuanzia hapo neno lake ndilo neno, juu ya kiwanja, juu ya watoto, juu ya mjane mwenyewe. Walokole wa kanisa lao walikuwa wanalikemea jambo hilo kila mara, halafu siku ya kilio wanakuja wote kulitazama.

Mrithi alikuwa Kahongya, mdogo wake Phinées, kijana asiyeoa bado, mwenye duka dogo la misumari na kufuli. Mtu mpole. Mpole kiasi kwamba Tamar alimdharau kidogo, kwa sababu aliona wazi kuwa atakayesema ndani ya koti lile si Kahongya bali Maliro, mkubwa wa ukoo, mzee mwenye sauti ya kupasua kuni.

Asubuhi hiyo mvua ilinyesha na kuacha, ikanyesha na kuacha. Tamar alifua tangu alfajiri, akajaza kamba, akaliacha koti kwenye beseni liwe la mwisho kwa sababu lilikuwa zito, koti la sufu nyeusi ambalo Phinées alilivaa siku ya harusi yao. Akaingia jikoni kugeuza sombe, mboga ya majani ya muhogo. Alipotazama tena nje, mama mkwe wake, mama Kavugho, alikuwa amelitoa koti kwenye beseni, amelikamua kwa mikono yake ya shamba, anatafuta mahali pakavu pa kulianika. Kamba zimejaa. Chini ya baraza kuna kichaka kizuri kisichoguswa na mvua. Huko Kasugho nguo huanikwa juu ya vichaka, tangu enzi na enzi. Mama Kavugho, ambaye macho yake hayakuwa mazuri na viganja vyake vilikuwa vimekomaa kwa jembe mpaka havisikii kitu, akalitandaza koti juu ya kaktusi. Akaligeuza ndani nje. Akalipigapiga likae vizuri, akaenda zake.

Tamar aliweka mwiko chini akanyanyuka. Kweli alinyanyuka. Alikuwa amefika mlangoni aliposikia sauti ya Maliro kutoka dirisha la chumba cha mbele.

"Batoto ni betu. Mwanamuke arudie kwabo, Mulekera."

"Lakini kule Mulekera, pande za Beni, banachinja batu mu mashamba," mtu mmoja akasema.

"Kwabo ni kwabo. Kahongya akishavaa koti, kesho tunamutafutia pikipiki ya kumupeleka. Keren atakuya na mie Kasugho, iko na nguvu ya kulima."

Tamar akasimama pale mlangoni. Alijaribu kusikia sauti ya Kahongya ikipinga. Hakuisikia. Moyo wake ukawa mchungu kama nyongo iliyopasukia kwenye nyama, na akilini likamjia jambo dogo, la kitoto kabisa: amwone Kahongya anajikuna mbele ya watu, mrithi mzima, anajikuna kama mbwa mwenye ukurutu. Hilo tu. Nani angemlaumu? Akarudi kwenye sombe yake, akakoroga.

Mchana koti lilikuwa bado na unyevu, lakini mvua ilikuwa imekata na watu walikuwa wamejaa uani, viti vya kanisa vimepangwa. Maliro akalichukua koti, akaligeuza upande wake wa nje, akamvalisha Kahongya kwa mikono yake mwenyewe, nayo migumu kwa jembe. Kahongya alikuwa na shati jepesi lenye kola wazi. Akafunga vifungo. Akasafisha koo aanze kusema.

Maneno mawili matatu, akapeleka mkono shingoni. Akaendelea. Akapeleka mkono kwapani. Mtoto mmoja akacheka, mama yake akamfinya. Kahongya akajaribu tena kusema kitu kuhusu nyumba ya kaka yake, lakini sasa mikono yote miwili ilikuwa ndani ya koti, anajikuna, uso unamtoka jasho, na kila akijikuna anazidi kupinda. Shingo ikawa nyekundu. Vikatokea vipele, vikaungana, vikapanda mpaka chini ya masikio.

"Vula," Maliro akasema kwa hofu.

Akavua. Akafungua na shati. Kifua chote kilikuwa kama kimepigwa na upupu. Uani watu wakatazamana, wanangoja mmoja wao aanze. Aliyeanza ni mwanamke wa kwaya, mtu mwema tu, hata jina lake hakuna haja ya kulitaja.

"Phinées anamukatala," akasema.

Basi. Ule mnong'ono uliokuwa hewani tangu mazishi ukapata pa kutua. Mtu akakumbuka kwamba Kahongya ndiye aliyemletea ndugu yake samaki wa ziwani, wa Kyavinyonge, wiki ile alipoanza kuumwa. Mwingine akakumbuka kwamba Kahongya mwenyewe hakumla samaki yule. Mwingine akasema alimwona hakulia kaburini. Ndivyo watu wanavyoshona, mmoja analeta uzi na mwingine sindano.

Mama Kavugho akasimama.

"Kahongya. Ile samaki uliitosha wapi?"

"Mama, kwa soko. Kwenyi batu bote banauza."

"Juu ya nini haukuikula?"

"Ilikuwa ya mugonjwa, mama. Donc ningemunyanganya mugonjwa chakula?"

Akageuka huku na huku, kifua wazi, akatafuta uso mmoja wa kumsaidia. Akauona wa Tamar.

"Shemeji, ni wewe ulifula hii koti. Iko kitu mu hii koti. Uwaambie."

Hapo ndipo palikuwa mahali pake pa kusema. Maneno yenyewe yalikuwa machache: mama alianika juu ya kaktusi, leteni utepe wa gundi, leteni kioo cha Phinées mtazame. Watoto wake walikuwa wamesimama nyuma yake, Keren ameshika kikwembe cha mama yake kwa nguvu. Tamar akaona ile pikipiki ya kumpeleka Mulekera. Akamwona Keren na jembe Kasugho. Akaona pia, usidhani hakuona, kwamba nyuso zote zilizokuwa zimemgeukia yeye asubuhi sasa zimemgeukia mwingine.

"Nilifula na sabuni," akasema. "Sabuni tu."

Na ilikuwa kweli. Neno kwa neno ilikuwa kweli.

Mama Kavugho akatema mate chini mbele ya mtoto wake wa mwisho. "Toka kwa macho yangu," akasema.

Vijana wa mtaa walifika dukani kabla ya Kahongya. Misumari ilimwagwa barabarani, kufuli zikagawanywa, na mwenyewe akaponea kwenye pikipiki ya rafiki, akaenda Beni na shati lilelile. Maliro alitangaza kwamba koti halitavaliwa tena na mtu, na kwa kuwa hakuna aliyethubutu kulivaa, hakuna aliyeweza kudai nyumba. Watu wa Kasugho wakapanda kwao kimyakimya. Tamar akabaki na kiwanja, na watoto, na koti ndani ya kabati.

Alijiambia atangoja watu wapoe, kisha atasema. Watu walipoa. Hakusema. Kila mwezi uliopita uliongeza swali la kujibu: na wakati wote huo ulikuwa wapi?

Mama Kavugho hakukaa Kasugho muda mrefu. Vita vilipoanza kusogea pande za Lubero alishuka Butembo na kifurushi chake, akaomba kukaa na wajukuu. Tamar angemkataza kwa mdomo upi? Akampa chumba cha dirisha. Na mama yule, ambaye zamani alimwona Tamar kama mgeni kutoka Beni aliyemteka mtoto wake, sasa akampenda. Jikoni, kanisani, kwa majirani, ni sifa tu.

"Mungu alinikamata batoto bawili," alikuwa anasema, "akaniachia huyu."

Tamar akisikia hivyo alitafuta kazi nje. Siku moja alichukua jembe aing'oe kaktusi, asingizie kwamba inajaza nafasi. Mama Kavugho akatoka mbio na fimbo yake.

"Hapana, mama Keren. Phinées aliileta. Iache."

Ikaachwa. Kuanzia siku hiyo Tamar alihakikisha nguo zote zinaanikwa mbele ya nyumba, na mvua ikija, ndani, juu ya viti.

Habari ya Kahongya ilifika na mtu wa pikipiki. Beni nako uvumi ulikuwa umemfuata, hakuna aliyetaka kununua kitu mkononi mwake, basi akakodi shamba la muhogo kule Mulekera, upande wa mwisho, karibu na pori. Wauaji walitoka porini wakawakuta wakulima wanachimba. Walimzika hukohuko pamoja na wenzake, haraka, kwa sababu milio ya risasi ilikuwa bado inasikika. Mulekera, ndiyo. Kwao Tamar. Pale walipotaka kumpeleka yeye.

Mama Kavugho hakulia mbele ya mtu yule. Alimpa maji, akamshukuru, akamsindikiza mpaka barabarani. Alipokaa tena jikoni ndipo akafungua mdomo, akiongea na jiko zaidi kuliko na Tamar.

"Asubuhi ya kilio aliniambia kitu. Alisema, mama, uache Maliro aseme yote anataka. Nikishavaa koti, mutu wa kusema ni mie, na nitasema Tamar akae mu nyumba yake na batoto bake. Aliniomba nisimuambie mutu, Maliro asimufungie njia." Akafuta pua kwa ncha ya kikwembe. "Mie nikafikiri, mutu mwenye kuua ndugu yake anasema vile? Halafu nikaona ile ngozi yake. Phinées hangemukatala bure."

Tamar alitaka ardhi ipasuke. Aliona aibu mpaka meno yakamuuma. Alifungua mdomo, na kilichotoka ni: "Pole, mama." Mwanamke mzee akamshika mkono, akamshukuru kwa pole hiyo.

Mvua za mwaka uliofuata zilikuwa mbaya. Jumamosi moja Keren, ambaye sasa alikuwa kwenye kwaya ya vijana, alifua blauzi yake nyeupe ya kuimbia, akaiacha kwenye beseni, akaenda mazoezini. Tamar alikuwa chumbani anapanga vitu vya soko. Akasikia fimbo ya mama Kavugho nyuma ya nyumba, tak, tak, kisha ikasimama. Sijui ni nini kilimwambia atazame. Akatazama dirishani. Mama mkwe wake alikuwa amesimama chini ya baraza, blauzi mikononi, anaitandaza juu ya kaktusi.

Tamar hakufikiri. Angefikiri hata kidogo, angengoja mama aondoke, angeichukua kimya, angeitupa, angesema imeibwa. Lakini ilikuwa nguo ya Keren. Alikimbia nje bila viatu, akaipokonya.

"Hapana pale, mama. Vimiiba vyake vinaingia mu nguo, havitoke tena. Vitamuunguza mutoto."

Akasimama na blauzi kifuani, anahema. Kisha akasikia alichosema.

Mama Kavugho alikuwa bado amenyoosha mikono, mitupu sasa, kama mtu anayengoja kupewa kitu. Akaishusha. Akainama karibu na kaktusi, akaitazama kwa yale macho yake mabovu, akapitisha kiganja. Hakusikia kitu. Akageuza mkono, akapitisha upande wa juu, pale ngozi ilipo laini. Akangoja. Tamar aliona uso wake unavyobadilika polepole.

"Ulijua tangu lini?"

"Mama."

"Tangu lini, mama Keren?"

"Tangu Phinées aliileta."

"Ile koti, ni mie niliianika. Nakumbuka. Kamba zilikuwa zimejaa." Alikuwa anaongea bila haraka. "Ulikuwa jikoni. Mulango ya jiko inatazama apa."

Tamar alilia, lakini kulia si kusema.

"Niliona mutoto yangu anaungua, nikamutemea mate," mama Kavugho akasema. "Na wewe ulikuwa unaniangalia."

Tamar akapiga magoti kwenye matope. Akasema yote, Maliro, Mulekera, jembe la Keren, woga. Mama Kavugho alisikiliza mpaka mwisho, kwa heshima, kama anavyosikiliza mahubiri. Kisha akasema anaomba lile koti.

"La nini, mama?"

"Ulilete."

Akaletewa. Akalivaa palepale juu ya blauzi yake, akafunga vifungo vyote mpaka cha juu kabisa. Lilikuwa kubwa, mikono imemfunika vidole. Tamar alijaribu kulivua, akasukumwa na fimbo, si kwa nguvu.

Hakumwambia mtu. Hilo ndilo Tamar alilongoja kila siku, na halikuja: hakwenda kwa mchungaji, hakutuma neno Kasugho, hakuhama. Alikula alichopikiwa, akasema aksanti. Ila kila Jumapili alitoka chumbani na koti la sufu nyeusi, akaenda kanisani na fimbo yake, na Tamar akakaa kando yake kwenye benchi kama mkwe mwema anavyopaswa. Majirani wakiuliza mbona anavaa koti lile, alisema baridi. Katikati ya mahubiri, watu wote wametulia, Tamar aliyasikia makucha ya yule mama yanakwaruza shingo, kifua, kwapa, yanapumzika, yanaanza tena.

Jumapili moja wakiwa njiani kurudi, Keren akaona damu kwenye kola.

"Mukaka, juu ya nini unajikuna vile? Kuko nini mu hii koti?"

Mama Kavugho akasimama kidogo kupumua, maana kilima kile ni kikali.

"Uulize mama yako," akasema. "Yeye njo aliifula."

Keren akamgeukia mama yake, akangoja.